Jibu: McMahon alifikaje kwenye figo?

Ndugu, umeuliza imekuwaje Andrew McMahon, mwanabiolojia wa ukuaji wa viinitete aliyeanza kufahamika kwa utafiti wa ubongo wa kiinitete, akaja kuwa mtafiti wa figo. Kwa maoni yangu hakuhama somo, bali alizifuata protini za Wnt, ambazo seli hutumia kupelekeana ishara, kila zilikompeleka. Mwaka 1990 yeye na Allan Bradley walionyesha kwamba panya asiye na jeni ya Wnt1 hukosa ubongo wa kati. Mwaka 1994 maabara yake ilipoizima jeni ya Wnt4 katika panya, kilichoharibika kilikuwa figo.

Figo hujengwa na tishu mbili: chipukizi la ureta (mrija wa kupitisha mkojo), ambalo hutawanyika matawi, na seli zinazolizunguka, ambazo hugeuka kuwa mirija ya nefroni, yaani vichujio vidogo vya figo, pale tu zinapopokea ishara. Mwanabiolojia Clifford Grobstein alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1950 kwamba seli hizo zikitengwa peke yake haziundi mirija, ilhali zikiwekwa karibu na ugwe wa neva wa uti wa mgongo wa kiinitete, hata kwa kutenganishwa na kichujio chembamba, huiunda. Ishara yenyewe ilibaki fumbo hadi 2005, kundi la McMahon lilipobaini kwamba chipukizi hutoa Wnt9b, ambayo huziamsha seli jirani zianze kutengeneza Wnt4.

Mwaka 2008 kundi hilo lilithibitisha kwamba, kati ya seli hizo zinazolizunguka chipukizi, zile zenye protini iitwayo Six2 ndizo chimbuko la nefroni. Kwa binadamu akiba ya seli hizo huisha kabla ya kuzaliwa, ndiyo maana mtu mzima haoti nefroni mpya.