Aliingia na ndoo ya maji

Mnauliza wiki hii: mawazo makali ya dini huingia majumbani kupitia mhubiri au kupitia watu tunaowajua? Mimi ni wa Katuba, Lubumbashi, na jibu langu ni mama mmoja wa likelemba, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu.

Shemeji yangu alipofariki, kilio kilijaa watu. Wajomba walikula bukari, wakazozania pikipiki ya marehemu, wakaondoka. Aliyebaki na dada ni yule mama waliyekuwa wakichanga naye. Kila alfajiri analeta ndoo ya maji, anasugua sufuria, anamsuka mtoto. Wiki tatu nzima hakutaja Mungu. Ndipo siku moja akamwambia: "Yaya, usiku tunaombaka kwangu. Kuya upumuzike."

Mwaka haukwisha, dada akawa ameacha dawa za presha. Mimi nikawa "mtu wa dunia", salamu ikakatwa. Mahubiri yao niliwahi kuyasikia: mafupi, na wala hayakuwa matamu. Kwa maneno yale peke yake dada asingekwenda hata mara moja.

Wabelgiji waliotutawala nao walikosea hapo. Kitawala, dini iliyotokana na mafundisho ya Watch Tower (Mashahidi wa Yehova), iliingia Katanga kwetu miaka ya 1920 pamoja na vibarua kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Mtu aliipokea kwa mwenzake wa kazini, wa lugha moja, sahani moja. Serikali ikakamata wafuasi na kuwahamishia mikoa ya mbali, ikidhani imewazima. Huko wakapata majirani wapya, na majirani wakasikiliza. Mwaka 1944 wafuasi wa Kitawala waliasi hadi Masisi na Lubutu, mbali kabisa na migodi yetu.

Hata kwa wanajihadi ni hivyo. Daktari wa akili Marc Sageman alichunguza maisha ya watu 172 wa aina hiyo, akachapisha mwaka 2004: wengi wao urafiki au undugu ulitangulia, msimamo ukafuata.

Sitamtukana yule mama. Naamini anampenda dada yangu kweli, na ndiyo sababu hoja zangu zote za Biblia zilianguka chini. Sisi wa damu tulikuwa wapi wiki zile tatu?

Siku hizi Jumapili nampelekea dada unga na makaa. Sibishani. Juzi alinifungulia lango, akanipa kiti, hakusema kitu. Yule mama alikuwa uani, mikono imejaa povu, anaosha sufuria.