VAT ni mali ya ankara, si ya programu

Aprili 2020 nilidhani nimemaliza kazi ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwa dakika mbili. Kenya ilikuwa imeshusha kiwango kutoka 16% hadi 14% kuanzia tarehe 1 ya mwezi huo, na mteja wangu mmoja wa vifaa vya ujenzi ana tawi Mombasa. Nikiwa nyumbani Dar nikaingia kwenye programu niliyomtengenezea, nikafungua mipangilio, nikafuta 16, nikaandika 14. Nikaenda kunywa chai.

Wiki ya tatu simu ikaita. Mhasibu wa kule, mama mtu mzima ambaye hapigi simu ila pameharibika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hii ankara ya Februari mbona imebadilika?"

Mnunuzi alikuwa amepoteza nakala yake, akaomba achapiwe nyingine. Ya kwanza ilikuwa na mzigo wa KSh 100,000, VAT 16,000, jumla 116,000. Iliyotoka sasa ilisema jumla ni 114,000. Na mwenyewe yuko pale kaunta, karatasi ya benki ya 116,000 mkononi, anadai 2,000 zake. Nani wa kumlaumu?

Programu yangu haikuwa ikihifadhi kodi. Ilihifadhi bei tu, kisha kila ankara ilipofunguliwa ikakokotoa kodi upya kwa kiwango cha siku hiyo. Kwa hiyo nilipoandika 14 nilikuwa nimebadilisha ankara zote tangu duka lifunguliwe, na ritani (taarifa za kodi kwa mamlaka) za miezi ya nyuma zilikuwa zimeshawasilishwa kwa 16.

Nilichofanya usiku ule ndicho ninachomshauri kila anayetengeneza au kununua programu ya mauzo. Tengeneza jedwali la viwango ambamo kila kiwango kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Halafu ankara inapotoka, nakili asilimia na kiasi cha kodi kwenye kila mstari wa ankara hiyo, vigande hapo. Kuanzia hapo programu isome, isikokotoe tena.

Tarehe 1 Januari 2021 Kenya ikarudi kwenye 16%, na hapo jedwali lilijilipa. Mabati yaliyouzwa Desemba yakarudishwa Januari. Krediti noti, yaani hati ya kufuta au kupunguza ankara iliyokwisha kutoka, inatoka kwa kiwango gani? Kwa 14, kwa sababu unafuta mauzo ya Desemba. Kama noti haijafungwa kwenye ankara yake ya asili, programu itaweka 16 na utamrudishia mtu kodi ambayo hakuilipa. Kuna na mtego wa malipo ya awali: kwa sheria ya Kenya, kodi huhesabiwa kwa lile lililotangulia kati ya kufikisha mzigo, kutoa ankara na kupokea pesa, hata kama ni sehemu tu. Hifadhi tarehe zote tatu, si ile ya ankara peke yake. (Tusiione Kenya kuwa ya ajabu. Mwaka huohuo Ujerumani nayo ilishuka kutoka 19% hadi 16% kuanzia Julai, ikarudi Januari.)

Kosa langu la pili lilikuwa kudhani nchi moja ni kiwango kimoja. Nilikuwa na safu ya "nchi" nikajaza: Tanzania 18, Uganda 18, Rwanda 18, Kenya 16. Ikaenda vizuri mpaka alipokuja mteja wa Unguja. Zanzibar ina sheria yake ya VAT na kiwango cha kawaida cha 15%. Jamhuri moja, mamlaka mbili za kodi. Sasa kiwango nakifunga kwenye mamlaka ya kodi, na kila tawi linajua liko chini ya mamlaka ipi.

Halafu sifuri. Mauzo ya nje ya nchi yanatozwa 0%. Bidhaa iliyosamehewa nayo, ukiangalia risiti, haina kodi. Ukizihifadhi zote kama namba 0 umemchimbia mhasibu shimo, kwa sababu mwenye mauzo ya kiwango cha sifuri anadai VAT aliyolipa kwenye manunuzi yake, ila mwenye mauzo ya msamaha hadai. Weka safu ya aina ya kodi, mbali na safu ya asilimia.

Kuna na ile ya bei yenye kodi ndani, ambayo hadi leo naikuta kwenye programu za watu wenye uzoefu. Bei ya rafuni TSh 118,000. Mtu anachukua 18% ya hiyo, anapata 21,240. Sivyo! Kodi iliyomo ni 118,000 mara 18 gawa kwa 118, yaani 18,000 kamili.

Senti nazo zina vituko. Mistari mitatu ya KSh 33.33 kwa 16%: ukikadiria kila mstari unapata 5.33 mara tatu, 15.99. Ukikadiria jumla, 16.00. Chagua njia moja na programu nzima iifuate.

Kuhusu mifumo ya serikali ya kupokea taarifa za ankara na risiti, EFD kwetu, eTIMS Kenya, EFRIS Uganda, EBM Rwanda, nitasema moja tu: ankara ikishapokelewa huko, ondoa kitufe cha kuhariri. Kosa lirekebishwe kwa krediti noti.

Siku hizi kabla ya kukabidhi kazi nachapa ankara moja, naingiza kiwango kipya cha kubuni, naichapa tena, kisha naziweka karatasi mbili juu ya meza. Zikipishana hata senti, sikabidhi. Yule mama wa Mombasa naye ana jaribio lake: kila nikimtumia toleo jipya, cha kwanza anachochapa ni ile ankara ya Februari.