Winchi ya duara na "uzembe" wa mwendeshaji

Mkuu, umesema winchi ya duara lenu, ile mashine ya kupandisha viroba kutoka shimo la mgodi, imeshaumiza watu wawili na kila mara anafukuzwa mwendeshaji kwa uzembe. Nikwambie yaliyonikuta Nzega, maana mzembe nilikuwa mimi.

Winchi yetu ilikuwa ya mota. Kisanduku kimoja, swichi mbili nyeusi, pacha kabisa, ubavu kwa ubavu. Kushoto pandisha, kulia shusha. Siku hiyo niliingia saa kumi na mbili jioni. Kwenye saa tisa usiku kiroba kinapanda, kengele ikalia mara moja: simama. Nikasimamisha. Ikalia mara mbili: pandisha. Kidole kikaenda kulia. Ungeniuliza wakati ule pandisha ni ipi, ningekujibu hata usingizini. Kiroba kikashuka na kumkuta kijana begani. Alipona, ila bega halijawa lile. Nikakatwa elfu hamsini na kazi ikaisha. Wiki tatu baadaye mrithi wangu, mlokole asiyegusa hata pombe ya harusi, akabonyeza palepale.

James Reason, mwanasaikolojia wa Uingereza, alitenganisha kuteleza, yaani unajua la kufanya ila mkono unakwenda kwingine, na kukosea, yaani mpango wenyewe ndio mbovu. Aliyeteleza utamfundisha nini? Vita Kuu ya Pili, marubani wa Marekani kwenye ndege za kivita za B-17 walikuwa wakishatua wanataka kukunja flapu za mabawa, wanakunja magurudumu! Swichi zilifanana na zilikaa pamoja. Mwanasaikolojia wa jeshi lao la anga, Alphonse Chapanis, hakuhangaika na kuwakaripia. Swichi ya magurudumu aliivalisha kigurudumu cha mpira, ya flapu akaivalisha umbo la kabari, mkono ujue wenyewe.

Mwenye duara aliponiita tena, tulianza na rangi, nyekundu na kijani. Kazi bure. Siku mbili tu vumbi limezifunika, na kwa tochi ya kichwani zote ni kahawia. Tukafunga tyubu ya baiskeli kwenye moja. Ukivaa glavu husikii kitu. Mwishowe fundi umeme akaing'oa ya kushusha akaihamishia upande wa pili wa fremu, lazima utumie mkono mwingine. Nyaya na ufundi havikufika hata ile elfu hamsini yangu.

Kwa hiyo kabla hamjamfukuza wa tatu, piga picha hicho kisanduku chenu uiweke hapa tukione.