Chaza kwa ndimu Malindi? Weka hiyo ndimu chini kwanza

Mwanangu, umeandika kwamba Ijumaa unaanza kuwauzia wageni chaza pale ufukweni, wengine wabichi kwa ndimu na pilipili kwa kuwa "Waitaliano ndivyo wapendavyo", na kwamba umeweka karatasi mbili za antibiotiki kwenye droo endapo tumbo la mtu litachafuka. Ukauliza na barafu, kibali, bei ya dazeni, sijui nini tena. Mimi nilipofika kwenye hiyo droo nikaacha kusoma.

Hiyo droo mimi nilikuwa nayo. Iliniondokea na bangili ya dhahabu.

Napika shughuli hapa Malindi: harusi, maulidi, hitima. Watu wa mume wangu walipokuja nikataka kujionyesha, nikanunua chaza waliogongwa mwambani wakati wa bamvua. Wazuri, wazito, wananukia bahari. Ujue hapo hapo kwamba chaza mwenye bakteria hana harufu yake wala rangi yake, pua haitakusaidia. Nikawatia sufuriani, midomo ilipoanza tu kuachana nikaepua. Kwa nini? Kwa sababu bwana mmoja aliyejigamba kwamba amewapikia wazungu hotelini maisha yake yote aliniapia kuwa chaza akifunguka ameiva, ukizidisha utatafuna kandambili. Na ndimu, akasema, inamaliza kilichobaki. Huyo bwana nikikutana naye sokoni huwa anavuka barabara. Avuke tu.

Ndimu haimalizi kitu. Pilipili pia. Ganda kufunguka ni ganda limelegea, nyama ya ndani inaweza kuwa vuguvugu na vibrio wanaogelea humo wakiwa salama salimini. Vibrio ni bakteria wa bahari yenyewe, wanapenda maji ya chumvi yenye joto, kwa hiyo usiniambie ufuko wako ni msafi. Hawahitaji choo cha mtu.

Aliyeanza kuharisha ni mavyaa, tena ana sukari. Wengine tumbo liliwasokota likapoa, yeye likamshika. Badala ya hospitali nikakimbilia duka la dawa. Kijana wa kaunta hakuuliza umri, hakuuliza sukari, hakuuliza kala nini. Alichukua mkasi, akakata nusu karatasi ya amoksilini, nusu karatasi ya Flagyl, akanifungia kama anauza njugu. "Hii ni ya tumbo, mama." Ya tumbo! Flagyl ni ya amiba na bakteria wasiotaka hewa, vibrio haiwagusi. Amoksilini nayo, vibrio wengi wameshaizoea. Na kuuza nusu dozi? Fleming, aliyegundua penisilini, alionya juu ya dozi pungufu mwaka 1945 alipopewa Nobel, kwamba inawafunza bakteria kuishi na dawa. Mkasi wa yule kijana haujapata habari.

Basi tukameza, tukangoja. Mavyaa akilalamika namwambia avumilie, dawa haijashika. Haingeshika hata tungengoja hadi mwezi wa Ramadhani uandame. Tulipomfikisha hospitali midomo imekauka, macho yameingia ndani, homa imepanda. Daktari akauliza, "Amekula nini?"

Nikasema wali wa nazi.

Hapo ndipo penye gharama yote, kwa hiyo soma polepole. Wifi alikuwa amesimama pembeni yangu, nikaona haya kusema chaza nilizopika mimi. Sasa, maabara wakiotesha choo, vibrio hawaoti vizuri kwenye sahani za kawaida. Wana sahani yao, yenye chumvi na dawa za kuwazuia wengine, na maabara nyingi haziitoi mpaka daktari aandike kwamba mgonjwa amekula vitu vya baharini. Wali wa nazi haumo. Majibu yakarudi kwamba hakuna kilichoota, mavyaa anazidi kuisha, na hesabu ya kitanda na dripu inapanda. Mwishowe nilimvuta daktari nje nikamwambia ukweli. Wakachukua choo upya, na safari hii karatasi ikarudi na orodha ya dawa, mbele ya kila dawa herufi. Nyingi zilikuwa R. Nikafurahi, nikadhani R ni "rahisi". Daktari akaniangalia kwa huruma akasema R ni sugu, dawa haifanyi kazi, S ndiyo inayofanya. S zilikuwa chache, na iliyochaguliwa ilikuwa sindano ya bei. Bangili ikaenda kwa sonara. Mavyaa alipona, alhamdulillahi, lakini wifi mpaka leo akija kwangu anakula ndizi, tena anaimenya mwenyewe.

Usugu huo unatoka wapi? Chaza hawindi. Amekaa mwambani anavuta maji, lita kadhaa kwa saa, anachuja chakula, na bakteria waliomo wanarundikana ndani yake kuliko walivyo majini. Sisi tuko kusini kidogo ya mdomo wa Sabaki. Mto huo juu huko unaitwa Athi, na Mto Nairobi unamwaga ndani yake. Mvua ikinyesha bara unaiona bahari yetu inavyogeuka rangi ya chai. Anayemeza antibiotiki anazitoa na haja, mifugo nayo hudungwa dawa hizo hizo, na yote huteremka. Bakteria nao hupeana vinasaba vya usugu, hata wa aina mbalimbali, kwa hiyo wa bahari anaweza kurithi hila za wa chooni. Kuwaloweka chaza usiku kucha kwenye maji safi hupunguza uchafu, lakini vibrio hawatoki kirahisi.

Ninachotaka kikukae kichwani ni hiki: bakteria sugu ni sugu kwa kidonge, si kwa moto. Sufuriani anakufa sawasawa na yule mnyonge. Akishaingia tumboni ndipo tofauti inaanza, na hapo wewe na droo yako hamna kazi. Chaza wa ganda wakishafunguka, waache kwenye maji yanayochemka dakika 3 hadi 5 zaidi. Ukipika kwa mvuke, maji yawe yanatoka mvuke tayari ndipo uwaweke, dakika 4 hadi 9. Asiyefunguka tupa. Na sinia lililobeba wabichi lisipakuliwe walioiva, hilo nalo nililifanya, sitaki kulizungumzia.

"Lakini Waitaliano..." Waitaliano kwao maji ya kufugia chaza hupimwa na kupewa daraja. Kwa sheria ya Ulaya, daraja A ndilo la kuvunwa na kuliwa moja kwa moja, na kipimo chake ni E. koli, bakteria wa kinyesi, zisizozidi 230 katika gramu 100 za nyama, kwa angalau sampuli nane kati ya kumi. Na bado watu huugua. Wewe umepima nini pale mwambani? Umepima bei. Mgeni mwenye ugonjwa wa ini akila mbichi mwenye Vibrio vulnificus, aina mojawapo ya hao vibrio, huzungumzii tena kuharisha. CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, inasema karibu mtu 1 kati ya 5 wanaopata maambukizi hayo hufa, wengine ndani ya siku moja au mbili.

Mtu akiharisha mpe maji ya ORS, na kukiwa na damu, homa, au ni mzee, mtoto, mjamzito au mwenye sukari, nenda hospitali ukaseme "chaza" kabla hujaulizwa, hata wifi yako akiwa amekushika mkono.

Barafu, ndiyo, weka, maana juani kwenye gunia vibrio wanazaliana haraka. Inawazuia, haiwaui. Kibali na bei waulize wengine humu.

Hao chaza wa Ijumaa umeshawalipia? Na sufuria yako ina ukubwa gani? Ukiwajaza mpaka juu, wa katikati hawataiva.