Kwa mnaoanza topiki ya seli kidato cha tano

Wadogo zangu mlioripoti PCB na CBG (michepuo ya sayansi yenye baiolojia), najua hii topiki ya seli ni moja ya zile mnazokutana nazo mwanzoni kabisa, na najua wengi mshapewa madesa na kaka zenu waliomaliza, kurasa kwa kurasa za kazi za mitokondria, kazi za raibosomu, tofauti ya seli ya mmea na ya mnyama, mnakaa nayo prepu mnakariri mpaka saa tano usiku. Mi nafundisha tuisheni jioni, mchana nashinda maabara ya hospitali nimeinamia maikroskopu naangalia damu za watu, kwahiyo seli naziona kila siku iendayo kwa Mungu na nimeona pia wanafunzi wanavyoteseka nazo bila sababu. Naomba mnisikilize kidogo.

Ukikutana na seli yoyote ile usianze na orodha ya vilivyomo ndani. Anza kujiuliza hii seli kazi yake nini mwilini? Ukishajua kazi, vilivyomo ndani utavitaja mwenyewe bila kukariri, na muhimu zaidi utajua kwanini vingine havimo.

Tuchukue seli nyekundu ya damu. Kazi yake kubeba oksijeni, basi. Sasa angalia ilivyotengenezwa: ikiwa changa kwenye uboho ina kiini kama seli nyingine, lakini kabla haijaingia kwenye damu inakitupa nje, na mitokondria (zile zinazotumia oksijeni kuipa seli nguvu) nazo zinaondolewa, ili nafasi yote ijae himoglobini (protini inayoshika oksijeni), na humo ndani zinakaa molekuli kama milioni 270 kwenye seli moja tu. Na mitokondria zingebaki zingekuwa zinatumia ileile oksijeni ambayo seli imetumwa ipeleke kwingine. Afu umbo, imebonyea katikati pande zote mbili, kwahiyo eneo la nje linakuwa kubwa ukilinganisha na ujazo, oksijeni haina safari ndefu ya kufika kati, na seli yenyewe inakunjika. Kipenyo chake ni maikromita 7 mpaka 8 hivi na kapilari (mishipa midogo kabisa ya damu) nyingine ni finyu kuliko hapo, inabidi ijikunje ipite. Ila haya yote yana gharama zake: bila kiini haitengenezi protini mpya, ikichakaa haijirekebishi, ATP (nguvu ya kuendeshea seli) inapata kwa glaikolisisi peke yake, yaani kuvunja glukosi bila oksijeni, na ikifika siku kama 120 inaliwa na makrofeji (seli walinzi zinazomeza vilivyochakaa) kwenye bandama na ini. Umeona? Hapo kwenye swali moja la kazi tumeshagusa kiini, mitokondria, umbo, upumuaji wa seli na uhai wa seli, na hakuna tulichokariri.

Na hapohapo ingiza selimundu maana huku kwetu ni ugonjwa wa majumbani mwetu kabisa, sio wa kwenye kitabu. Mnyororo wa beta wa himoglobini una amino asidi 146 (vipande vinavyoungana kuwa protini), ile ya namba 6 ambayo ilitakiwa iwe glutamiki asidi inakuwa valini, moja tu hiyo. Oksijeni ikipungua zile himoglobini zinashikana zinatengeneza nyuzi ndefu ngumu ndani ya seli, nyuzi zinaisukuma seli mpaka inachongoka kama mundu, haikunjiki tena, inakwama kwenye mishipa midogo, mtoto analia maumivu ya mifupa, na badala ya siku 120 inaishi kama 10 mpaka 20 hivi ndio maana damu inaisha. Maabara kuna kipimo cha kuangalia hili, unachukua tone la damu unachanganya na sodiamu metabaisalfaiti ambayo inanyonya oksijeni, unafunika na kavasilipu (kioo chembamba cha kufunikia) unaziba kingo zote hewa isiingie, unasubiri. Mwanzo seli zote ni duara nzuri tu. Ukirudi baada ya muda unakuta zingine zimechongoka ncha mbili kabisa, na kilichobadilika ni oksijeni tu. Mwalimu akikuambia umbo linaendana na kazi, hiyo ndio maana yake, amino asidi moja imebadilika, protini imebadilika tabia, umbo likaharibika, kazi ikaharibika. Na ukifika topiki ya jenetiki utakutana na Anthony Allison, aliyekulia Kenya, mwaka 1954 alionyesha kwamba mwenye jeni moja tu ya selimundu ana kinga fulani dhidi ya malaria, kwahiyo hii topiki usiiache nyuma ukishafanya mtihani, itakurudia.

Seli zingine fanya hivohivo mwenyewe. Mbegu ya kiume inatakiwa iogelee, basi ina mkia na mitokondria zimezungushwa pale shingoni mwa mkia, na kichwani ina vimeng'enya vya kupenya yai. Seli ya kongosho inayotoa vimeng'enya imejaa retikulamu (mtandao wa utando ndani ya seli) yenye raibosomu (zinazotengeneza protini) kwasababu kutwa inatengeneza protini za kupeleka nje. Seli ya ini inayovunja sumu na dawa ina retikulamu laini nyingi. Seli ya unyweleo wa mzizi haina kloroplasti (zile za kijani za usanisinuru), iko chini ya ardhi mwanga ataupata wapi? Na hapa nawasihi, msiandike "seli za mimea zina kloroplasti" kana kwamba zote zinayo, ziko za mmea zisizokuwa nayo kabisa na ushahidi wake unao jikoni.

Chukua kitunguu maji. Kata robo, toa ganda moja nene, upande wake wa ndani ule uliobonyea kuna ngozi nyembamba kama nailoni, ivue taratibu kwa fosepu, kata kipande kidogo cha kama milimita 5, kiweke kwenye slaidi yenye tone la maji na uhakikishe hakijajikunja. Weka tone la iodini. Kavasilipu usiidondoshe, isimamishe upande mmoja ukiwa umeishikilia na sindano uishushe polepole, vinginevyo mapovu ya hewa yanabaki chini yake, na povu la hewa ni duara kamili lenye ukingo mweusi mzito ambalo kila mwaka kuna mtu analichora kwa furaha akijua amepata kiini. Anza na lenzi ndogo kwanza, ndio uhamie kubwa. Utaona vyumba virefu vimepangana, kila kimoja na kiini cha rangi ya njano ya kahawia, na mara nyingi kimebanwa ukutani, kwasababu katikati pamejaa vakuoli (mfuko mkubwa wa maji). Kloroplasti hutaiona hata moja, kitunguu ni ghala la chakula.

Sasa vitunguu vyetu vya sokoni vingi ni vyekundu na hiyo ni faida kubwa, maana ukichukua ngozi ya upande wa nje wa ganda, ile ya zambarau, rangi yenyewe iko ndani ya vakuoli, hauhitaji hata iodini. Weka kipande kwenye maji uangalie, seli zimejaa rangi mpaka ukutani. Afu dondosha maji ya chumvi nyingi ukingoni mwa kavasilipu, upande wa pili weka karatasi ya kuchuja inyonye, chumvi itavutwa ipite chini. Kaa hapo usiondoe jicho. Ile rangi itaanza kujivuta kutoka kwenye kona za seli, inasinyaa inakuwa bonge katikati, inakolea, wakati ukuta umebaki palepale ulipokuwa. Ndani ya dakika chache umetofautisha ukuta wa seli na utando wa seli kwa macho yako, na hakuna desa litakalokufanyia hivyo. Jiulize na hili: ile nafasi iliyobaki kati ya ukuta na utando uliosinyaa imejaa nini? Imejaa yaleyale maji ya chumvi, kwasababu ukuta unapitisha kila kitu, anayechagua ni utando.

Ndio nafika kwenye utando wenyewe, na kama kuna mahali pa kutumia muda wenu mwingi kwenye hii topiki ni hapa. Una unene wa nanomita 7 mpaka 8 hivi, tabaka mbili za mafuta ya fosfolipidi na protini zimechomekwa humo zinaelea, Singer na Nicolson ndio walioeleza hivyo mwaka 1972. Oksijeni na kabondayoksaidi zinapita zenyewe kwenye mafuta. Glukosi haipiti, sodiamu haipiti, zinahitaji protini za kuzipitisha. Maji mengi nayo yana protini zake, Peter Agre alipata tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2003 kwa kuzigundua.

Mkiuliza haya yanasaidia nini, angalieni pakiti ya ORS, ile ya chumvi na glukosi ya kumnywesha anayeharisha. Mgonjwa wa kipindupindu anaharisha lita kwa lita kwasababu sumu ya bakteria imezilazimisha seli za utumbo mwembamba zimwage kloraidi nje, sodiamu inafuata, na maji yanafuata chumvi. Lakini kwenye utando wa seli hizohizo, upande unaogusa chakula, kuna protini inayoingiza sodiamu mbili pamoja na glukosi moja, lazima ziwepo zote ndio ifanye kazi, na hii sumu haiigusi. Kwahiyo ukimnywesha chumvi na glukosi kwa pamoja, sodiamu inaingia, maji yanaifuata ndani, mgonjwa anapona bila hata dripu kama hajafikia hali mbaya. Upande wa pili wa seli kuna pampu inatumia ATP kutoa sodiamu 3 ikiingiza potasiamu 2, ndio inayofanya sodiamu ndani ya seli iwe kidogo muda wote ili nyingine itake kuingia. Watu wanadhani ile glukosi imewekwa kwa ajili ya nguvu au utamu, hapana, imewekwa ili sodiamu ipite. Na ndio maana pakiti ya lita moja inakorogwa kwenye lita moja kamili, kinamama wengine wanapunguza maji wakiamini ikiwa nzito ndio dawa inakuwa kali, kumbe ikizidi uzito inavuta maji kutoka kwa mtoto kuyapeleka utumboni, yaleyale ya kitunguu. Mkirudi likizo waelezeni nyumbani, hii peke yake inaokoa mtu.

Kuna jaribio lingine la kuliona hili kwa macho ambalo mwalimu wa maabara anaweza kuwaonyesha akipata damu salama. Testtyubu mbili, moja ina salaini (maji ya chumvi) ya asilimia 0.9, nyingine maji matupu, kila moja tone la damu. Ya salaini inabaki na ukungu, ukiweka maandishi nyuma yake huyasomi, seli ziko nzima zinazuia mwanga. Ya maji matupu baada ya muda mfupi inakuwa nyekundu angavu, maandishi yanasomeka, kwasababu seli zimepasuka zote. Kitunguu kwenye maji matupu hakipasuki, na sababu mshaijua, kina ukuta.

Kuhusu bakteria na sisi, lile jedwali la tofauti mtapewa na mtalijua, ila liunganisheni na dawa. Penisilini inaharibu utengenezaji wa ukuta wa seli ya bakteria, sisi hatuna ukuta, hatudhuriki. Doksisaiklini inashika raibosomu za 70S, ndio za bakteria, zetu za kwenye saitoplazimu ni 80S. Sasa utauliza mbona doksisaiklini hutumika pia kujikinga na malaria wakati plasmodiamu (kimelea cha malaria) sio bakteria? Ni kwamba ndani ya plasmodiamu kuna kiungo kinaitwa apikoplasti, ni ndugu wa kloroplasti, kilishapoteza usanisinuru zamani lakini bado kina DNA yake na raibosomu za aina ya bakteria, na dawa inapiga hapo. Lynn Margulis mwaka 1967 alitetea wazo kwamba mitokondria na kloroplasti zilikuwa bakteria waliomezwa wakabaki wanaishi ndani, na leo ushahidi uko wa kutosha, DNA ya duara, raibosomu zake zenyewe, kugawanyika kwenyewe. Mkiulizwa ushahidi andikeni hivyo, na apikoplasti mkiiongeza msahihishaji atajua huyu amesoma.

Mwisho michoro na vipimo, hapa alama zinapotea bure. Mstari mmoja safi wa penseli, usipake kivuli, mistari ya majina isikatane na iguse kitu chenyewe. Ukuzaji unapatikana kwa kugawa ukubwa wa mchoro kwa ukubwa halisi, na lazima vyote viwe kipimo kimoja. Umechora seli nyekundu upana milimita 40, halisi ni maikromita 8, milimita 40 ni maikromita 40,000, gawa kwa 8 unapata mara 5,000. Ukipata jibu kama mara 5, ujue umegawa milimita kwa maikromita, rudi ubadilishe kabla hujakusanya pepa.