Kilomita Kumi za Kwanza Hudanganya

Kilomita ya 33, kamba ya kiatu changu cha kushoto ilifunguka. Niliinama nikaifunga, kisha nikagundua siwezi kuinuka. Mapaja yalikuwa yamekaza kama gogo. Nikiwa pale chini nimeshika magoti, akapita mzee mmoja mwembamba mwenye kofia nyeupe, na mwendo wake ulikuwa uleule niliouona kilomita ya nne, nilipompita huku nikijiuliza kama kweli huyu atafika. Hakunicheka. Alisema tu, "Usikae hapo, kijana. Tembea," akaenda zake.

Hiyo ndiyo ilikuwa marathoni yangu ya kwanza. Nilijipangia kumaliza kwa saa 4, yaani dakika 5 na sekunde 41 kwa kila kilomita. Kilomita 10 za kwanza nikazimaliza kwa dakika 51. Mwili ulikuwa mwepesi, watu wanashangilia, na mimi najipongeza kwamba nimeshajiwekea akiba ya karibu dakika sita. Nilifika mwisho kwa saa 4 na dakika 48. Akiba ile niliirudisha na riba yake.

Nimekimbia marathoni mbili zaidi tangu siku hiyo, na nusu marathoni kadhaa, na bado naamini kosa hilo ndilo linalowaangusha wengi wetu tunaokimbia kwa ridhaa. Tunafikiri mbio huharibikia kule mwishoni tunakoumia, kumbe ziliharibika asubuhi, wakati hatusikii maumivu yoyote.

Sababu iko kwenye petroli, kama tutauita mwili gari. Wanga tunaokula huhifadhiwa kwenye misuli na ini kama glaikojeni, na akiba hiyo ina kikomo. Kwa wengi hukaribia kwisha mahali fulani kati ya kilomita 30 na 35, pale ambapo wakimbiaji husema wamegonga ukuta. Mwili una mafuta yake mengi ya kuchoma, hata wewe uliye mwembamba unayo, ila mafuta hutoa nguvu polepole. Sasa, kadiri unavyoongeza kasi ndivyo mwili unavyoacha mafuta na kudai glaikojeni. Ule mwendo wa ziada wa asubuhi, unaouona ni wa bure, unalipiwa kutoka kwenye tangi dogo.

Tazama wanavyofanya wanaojua. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna mwezi Oktoba 2019, kila kilomita aliimaliza kati ya dakika 2 na sekunde 48 na dakika 2 na sekunde 52. Alikuwa na kundi la wasaidizi wa kumwekea kasi, ndiyo maana haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, lakini funzo liko palepale: ni mwendo mmoja mwanzo mwisho. Mimi na wewe hatuna wasaidizi. Tuna saa ya mkononi na aibu ya kupitwa, na aibu ndiyo yenye matatizo.

Kwa hiyo siku hizi nasimama nyuma kabisa kwenye mstari wa kuanzia. Kilomita tano za kwanza nakwenda taratibu kuliko lengo langu, sekunde 10 hivi kwa kila kilomita, na najipima kwa kuzungumza. Nikishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, nimeshazidisha. Watapita watu. Watapita hata wale ambao moyoni unajua huwezi kushindwa nao. Waache wapite, wengine mtaonana.

Kipimo hicho hicho cha kuzungumza kitumie mazoezini. Nilipoanza, kila siku nilitaka kuvunja muda wa jana, nikaishia kuumwa mifupa ya mbele ya miguu na kukaa wiki tano bila kukimbia. Sasa mazoezi yangu mengi ni ya polepole hadi majirani wananihurumia. Ninayoyapa uzito ni yale marefu ya mara moja kwa wiki, ambayo naongeza kidogo kidogo hadi kilomita 30, halafu wiki mbili au tatu za mwisho napunguza. Kupunguza ni kugumu kuliko kukimbia. Utajisikia mzito, utahisi umesahau kila kitu. Vumilia tu.

Mbio ya pili niliharibu kwa maji. Baada ya kukauka ile ya kwanza, niliapa sitaruka kituo, nikawa nabugia vikombe viwili viwili hata bila kiu. Kilomita ya 28 kichefuchefu kikanishika, vidole vikavimba hadi pete ikanibana. Maji yakizidi huku chumvi ikitoka na jasho, sodiamu ya damu hushuka, na jambo hilo linaweza kukulaza hospitali, hata kukuua. Sasa nakunywa nikisikia kiu, na nameza jeli ya wanga kila baada ya dakika 40, zile zile nilizozijaribu mazoezini.

Chochote kipya kiache nyumbani siku ya mbio, iwe kiatu, soksi au chakula. Fulana mpya iliwahi kunichubua chuchu hadi damu ikachora mistari miwili kifuani. Paka mafuta ya mgando huko, makwapani na katikati ya mapaja, na usione haya.

Ya tatu nilimaliza kwa saa 3 na dakika 59, na nusu ya pili niliikimbia haraka kuliko ya kwanza. Bado kilomita ya 41 niliwalaani Waingereza. Mwaka 1896 kule Athens mbio hizi zilikuwa kama kilomita 40. Olimpiki ya London ya 1908 wakaanzia kasri la Windsor na kumalizia mbele ya jukwaa la familia ya kifalme, ikawa 42.195, na mwaka 1921 urefu huo ukafanywa rasmi. Kilomita mbili na ushei, ili wakubwa waone vizuri!

Kesho yake ukikutana na ngazi, teremka kinyumenyume. Sitanii.