Mkojo mchafu, au kopo chafu?

Mwaka jana, kati ya Januari na Aprili, nilimeza dozi tatu za UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Ya kwanza ilikuwa halali yangu. Mbili zilizofuata nilizimeza kwa sababu ya namna nilivyokinga mkojo kwenye kopo. Hakuna aliyeniuliza nimeukingaje, na mimi sikujua kama kuna la kuulizwa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tabora mjini, upande wa Kanyenye. Januari ni msimu wa sare za shule, nakaa kwenye kiti tangu saa moja asubuhi mpaka giza linaingia. Choo tunachotumia ni cha nyumba ya nyuma. Ufunguo anakaa nao mwenye nyumba, na mwenye nyumba ana maneno. Basi nikawa maji sinywi, mkojo nabana. Wiki ya pili ya mwezi nikaanza kuungua. Nikienda haja ndogo yanatoka matone mawili, nikirudi kukaa nasikia tena nataka kwenda. Nikapima, nikapewa sipro, ambayo ni antibiotiki, siku ya tatu nikapona kabisa. Hapo sina neno.

Shida ilikuja baadaye. Tumbo la chini zito, muwasho kidogo, uchovu. Nikaenda zahanati moja, nikapewa kopo, nikaingia chooni mchana na jasho langu, nikajaza mkojo ule wa mwanzo kabisa, nikarudisha. Majibu: "Mama, mkojo bado mchafu." Dawa nyingine. Mwezi uliofuata, kopo lingine, majibu yale yale, ila sasa nikaambiwa ni UTI sugu. Hilo neno sugu lilinikosesha usingizi. (Kwetu hapa ukienda hospitali na mwili kuuma, hutoki bila malaria, taifodi au UTI. Ukiwa na bahati unapewa zote tatu.)

Aliyenifungua macho ni kijana wa maabara, sehemu nyingine nilikoenda mara ya nne. Alichukua karatasi zangu za zamani akazisoma moja moja, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Mama, hapa wameandika seli za ngozi ni nyingi. Huu mkojo ulikuwa unaukingaje?"

Nikamweleza. Akacheka kidogo, kwa adabu. Akasema zile seli ni za juu, za ngozi na za ukeni. Zikiwa nyingi kwenye kopo ujue mkojo umesomba vitu njiani, na vilivyosombwa vina chembe nyeupe za damu na bakteria wanaoishi huko siku zote bila kumdhuru mtu. Kwa maneno mengine, nilikuwa napimwa mlango, wakati tatizo tunalitafuta chumbani.

Akanifundisha, nami nawapa kama nilivyopewa. Nawa kwa maji safi, kutoka mbele kwenda nyuma, usitie dawa yoyote ya kuulia vijidudu. Tenganisha mashavu ya uke kwa vidole. Mkojo wa kwanza uache uende chini, kisha bila kukata sogeza kopo ukinge wa katikati, utoe kopo kabla hujamaliza. Usiguse ndani ya kopo wala ya kifuniko. Wanaume wasiotahiriwa wavute govi nyuma kwanza. Halafu ufikishe maabara haraka, ndani ya saa moja hivi. Joto letu la Oktoba mnalijua: kopo likikaa kwenye mkoba tangu alfajiri, bakteria watatu wanakuwa ukoo. Kama huwezi kufika upesi, liwekwe kwenye friji.

Nikarudia kupima. Nikamwomba niangalie na mimi, akakubali. Kijiti cha kupimia mkojo ni plastiki nyembamba yenye vibandiko vya rangi mbalimbali. Alikichovya, akakitoa hapo hapo, akafuta ukingo wake kwenye karatasi ili rangi zisichanganyikane, akatazama saa ya ukutani. Niligundua kumbe kila kibandiko kina muda wake. Cha nitriti kinasomwa baada ya sekunde 60, cha chembe nyeupe baada ya dakika 2. Ukikisoma haraka haraka, au ukikiacha kikakauka, unasoma uongo. Na mara tu alipochomoa kijiti alifunga kifuniko cha chupa, maana unyevu unaviharibu vilivyobaki.

Sasa hivi vibandiko viwili ndivyo vinavyochanganya watu, kwa sababu vinajibu maswali tofauti.

Nitriti inauliza kama kuna bakteria. Mkojo kwa kawaida una naitreti inayotokana na chakula, mboga hasa. Bakteria kama E. koli, ambaye ndiye mkosaji mkuu wa UTI, huigeuza naitreti kuwa nitriti, na kibandiko kinakuwa cha waridi. Kemia yenyewe ni ya kizee: Peter Griess, Mjerumani, aliieleza mwaka 1879, miaka zaidi ya 30 kabla reli ya kati haijafika Tabora. Kikiwa cha waridi, mara nyingi bakteria wapo kweli. Lakini kisipobadilika, usiruke kwa furaha. Bakteria wanahitaji kama saa nne kwenye kibofu kufanya kazi hiyo, na mtu anayekojoa kila dakika kumi hawapi nafasi. Ndiyo maana mkojo wa asubuhi unafaa zaidi. Tena wapo bakteria, kama enterokoki, ambao kazi hiyo hawaifanyi kabisa. Na vile vidonge vya vitamini C vyenye ladha ya chungwa, nilivyokuwa navitafuna kama pipi, vinaweza kuificha nitriti.

Kibandiko cha pili, kile kinachogeuka zambarau, kinatafuta kimeng'enya cha chembe nyeupe za damu. Hicho kinauliza kama kuna uvimbe, yaani mwili unapigana na kitu. Unapigana na nini, hakisemi. Watu wa Tabora tunaujua moshi. Ukiuona kwa mbali unaweza kuwa wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku, tanuri la mkaa, mrina asali, au kweli nyumba ya mtu inaungua. Chembe nyeupe zinaweza kuletwa na UTI, zinaweza kuletwa na klamidia au kisonono, mawe ya figo, hata TB ya figo. Au, kama mimi, uchafu wa njiani.

Safari hii nitriti haikuonekana, chembe nyeupe kidogo tu, seli za ngozi chache. Akashauri mkojo uoteshwe, yaani uwekwe kwenye chakula cha bakteria maabara waone kama kuna watakaoota. Kuotesha kunachukua siku mbili tatu na kuna gharama, lakini mtu aliyekwisha kuitwa sugu asimeze dozi nyingine bila kuotesha. Kipimo cha kawaida ni kwamba wakiota bakteria wa aina moja, 100,000 au zaidi kwa mililita, hao ni wa kuhesabiwa. Majibu huja na majina ya dawa, na pembeni herufi: S dawa inamuua, R amekwisha kuizoea. Aliniuliza pia siku ya mwisho kumeza antibiotiki, maana ukiotesha ukiwa kwenye dozi huenda kisiote kitu hata kama wamo. Zilikuwa zimepita wiki mbili.

Hakuna kilichoota. Daktari akanichunguza vizuri: fangasi. Sipro za Januari ziliua na wale bakteria wazuri, fangasi wakapata uwanja, ute wao ukaingia kwenye kopo, kopo likaniletea dozi nyingine, dozi ikawanenepesha fangasi. Vidonge vya kuweka ukeni, wiki moja, basi.

Tangu hapo nimekuwa mjuaji, na nyumbani nimeshatumia mara mbili. Mama mkwe wangu, ana miaka sabini na kitu, alipimwa kijiti kikawa cha waridi chee. Wifi akataka dawa palepale. Daktari akamuuliza bibi: unaungua? Homa? Unakwenda mara nyingi kuliko zamani? Bibi akajibu yeye kilichomleta ni goti. Hakupewa antibiotiki, na ndivyo inavyotakiwa. Wazee wengi wana bakteria kwenye mkojo na hawaumwi. Wifi mwenyewe, alipokuwa na mimba ya miezi minne, haumwi kitu, mkojo wake uliota bakteria akapewa dawa, na hiyo pia ni sawa. Mjamzito hasubiri dalili, kwani wadudu humpanda kwenye figo kirahisi.

Mengine nayapitia mbio. Homa, kutetemeka, maumivu ya ubavuni, kutapika: usihangaike na duka la dawa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto na mwanaume wapimwe vizuri, siyo kukisia. Na kijana anayeoga kwenye malambo akitoa damu mwishoni mwa mkojo, muulizie kichocho kabla ya UTI. Mkojo wake ukingwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai ndipo yanapotoka kwa wingi.

Mwenye nyumba nilimfuata nikamweleza yote, mpaka ya fangasi. Aliona aibu kuliko mimi. Ufunguo wa choo sasa unaning'inia kwenye msumari, pembeni ya cherehani yangu, na amefunga kitambaa chekundu usipotee.